Vigingi Mia Tatu

Mkono ulipita kigingi. Haukupita sana, upana wa kidole tu, kisha ukarudi mahali pake kwa adabu. Lakini ulipita, na Ndila aliuona.

Wewe ungeuona ungeendelea na chai yako, wala nisingekulaumu. Lakini Ndila wa Mulinge alikuwa na miaka mitatu katika kazi ile, na kama kulikuwa na kitu alichokijua kuliko njia ya kwenda kwao, ni kwamba mkono ule haukuwa na ruhusa ya kupita. Basi nivumilieni nieleze kidogo, maana asiyeielewa kazi yenyewe hataelewa kwa nini binti wa watu alisukuma kiti nyuma, saa saba ya mchana, jua likiwaka utosini, akabaki ameduwaa mbele ya kompyuta.

Ukitaka mwanasesere wa ndani ya kompyuta ainue mkono, huuchori mkono ukipanda hatua kwa hatua. Unaiambia mashine: hapa mkono uko chini, unapigilia kigingi. Unasogea mbele picha ishirini na tano, ambazo ni sekunde moja, unaiambia: hapa mkono uko juu, unapigilia kigingi cha pili. Basi, umemaliza. Picha zote za katikati mashine inazijaza yenyewe, na njia ya mkono unaiona kwenye kioo, imechorwa mithili ya kamba ya kuanikia nguo, toka kigingi hiki hadi kile. Majina hayo ya vigingi na kamba yalikuwa ya Bwana Matano, mwenye studio, ambaye hakupenda kuuma ulimi kwa maneno ya kwenye vitabu vya maelezo.

Kamba nazo zina tabia zake. Ipo laini, inayopinda yenyewe vizuri, ila kwa mbio zake hupitiliza kigingi kidogo kabla ya kurudi. Ipo nyoofu, inayokwenda moja kwa moja bila madaha. Ipo bapa, ambayo ikikaribia kigingi hulala, ikakigusa, ikaishia hapo. Na ipo ngazi, isiyojua katikati kabisa: inatulia pale pale kimya, halafu inaruka hadi kigingi kinachofuata. Ndila alikuwa ameweka bapa, na bapa haipiti kigingi. Alikagua mara tatu, akaiondoa akaiweka upya, akaicheza tena. Mkono ukapita, ukarudi.

Ndipo aliposikia harufu ya udi. Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la saruji na mabati pale Ukunda, na kwa kawaida chumba kile kilinuka saruji, jasho na waya uliopata moto. Alifungua dirisha akachungulia chini, hakuona mtu anayefukiza. Akalifunga, akajiambia kwa sauti kwamba mashine imechoka na yeye amechoka, akashuka kwenda kula.

Huyu Ndila alikuwa Mkamba wa Kikoneni. Babake alipata shamba kule kabla hajazaliwa, naye akakua akizungumza Kiswahili cha wenyewe hadi waliomsikia kwenye simu wakamwita kwa majina ya Kiislamu. Na alikuwa mbishi. Tangu utotoni, ukimwambia jambo haliwezekani alikutazama usoni, akakaa chini, akalifanya. Bwana Matano, Mdigo wa Msambweni aliyepiga picha za video za harusi toka Likoni hadi Vanga kabla ya kununua kompyuta, alimchukua kazini kwa ubishi huo huo, na mara nyingine aliujutia.

Mwaka ulikuwa wa tisini na tisa. Hoteli moja ya Diani ilitaka mwanamke wa kompyuta acheze ngoma ya pwani kwenye kitambaa kikubwa kando ya bwawa, usiku wa kuupokea mwaka elfu mbili. Sekunde kumi na mbili tu, zirudie rudie. Kumi na mbili mara ishirini na tano ni picha mia tatu. Ndila hakuwa mchezaji ngoma, na mwanasesere hajui kucheza asipofundishwa, kwa hiyo alimwomba bosi wake kanda yoyote yenye mwanamke anayecheza vizuri na kamera isiyotikisika. Bwana Matano akapekua makabati yake akamletea moja.

Ndila alifanya kama wafanyavyo wenye subira. Aliibandika karatasi ya plastiki, ile inayoonyesha, juu ya kioo cha televisheni, akaisimamisha kanda kila baada ya picha tano, na kwa kalamu ya wino mzito akaweka alama mahali pa kiganja, kiwiko, bega, shingo. Kisha akazihamisha alama zile kwenye kompyuta, kigingi baada ya kigingi, akamvika yule mwanasesere wake ambaye hata uso alikuwa bado hajachorwa. Kigingi cha mwisho alikipigilia Jumanne saa saba ya mchana. Kazi safi. Kosa lilikuwa ndani ya kanda yenyewe, na hakuna aliyelifikiria, wala Matano aliyeipiga picha kwa mikono yake.

Alhamisi ikaja sauti. Kompyuta ile haikuwa na spika, naomba mlishike hilo, haikuwahi kuwa nazo. Lakini saa saba ilipofika na wenye duka chini wakafunga kwenda kupumzika, toka ndani ya kasha la mashine ikatoka sauti ya kayamba, ndogo, ya mbali, mbegu zikiteleza upande huu, zikiteleza upande ule. Ndila alikiweka kiganja juu ya kasha akazihisi zikipita. Kwenye kioo mwanasesere alikuwa akicheza, na mkono wake haukuwa ukipita kwa kidole tena bali kwa shibiri nzima. Alivifuta vigingi vyote vya mkono. Mkono usio na kigingi hauna pa kwenda, hukaa tu. Ule uliendelea kucheza.

Ijumaa Bwana Matano alikwenda kusali, Ndila akabaki peke yake, na hapo mambo yakaacha kuwa ya kompyuta.

Umeme ulipopotea, na Ukunda ile umeme ulipotea utakavyo wenyewe, mashine ilizima, feni ya darini ikazunguka mizunguko yake ya mwisho ikasimama, kioo kikabaki cheusi, na sauti ya kayamba isikome, ikaendelea ndani ya kasha lisilo na uhai, na katika weusi wa kioo Ndila akajiona amekaa, mabega yake, nywele alizosukwa Jumamosi, dirisha lenye jua nyuma yake, na mkono wake wa kulia umeinuliwa juu ya kichwa, kiganja kimegeuzwa nje, vidole vimepanuka, vile vile alivyouinua yule mwanamke wa kwenye kanda, naye akashangaa, kwa sababu mkono wake alijua uko mapajani, aliuhisi uko mapajani, mpaka alipotazama chini akakuta mapaja hayana kitu.

Bwana Matano alimkuta hivyo hivyo, amesimama katikati ya chumba, akiuvuta mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto na machozi ya hasira yakimtoka. Hakuuliza mengi. Aliitazama ile namna ya kiganja, akaitazama kanda juu ya meza, akakaa chini ghafla.

"Ndila, mwanangu," akasema polepole, "ile kanda si ya ngoma ya arusi. Ile nilipiga kilingeni, Msambweni. Yule mama alikuwa anapungwa pepo."

"Na hukuniambia?"

"Uliniomba anayecheza vizuri. Sikuona wa kumshinda."

Jumamosi alimpeleka kwa Mzee Chande, mganga wa Msambweni aliyekiongoza kilinge kile. Mzee alikuwa na nyumba safi ya bati jipya na miwani iliyofungwa uzi, akamkaribisha Ndila kwa heshima zote. Aliushika mkono, akaunusa, akafumba macho. Akasema pepo amempenda. Anataka kitambaa chekundu, mbuzi dume na marashi, na ngoma ipigwe kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, na Ndila akubali kwa wema kuwa kiti chake, yaani mtu wa kukaliwa naye. Akikubali, mkono utatulia. Ndila akauliza, na baada ya hapo? Baada ya hapo utaishi naye, akajibiwa, wengi wanaishi nao.

"Mzee wangu, heshima yako iko pale pale," Ndila akasema. "Lakini mwili huu una mpangaji mmoja, naye ndiye anayezungumza nawe sasa. Hakuna chumba kingine."

Mzee Chande hakukasirika. Alisema tu kwamba mwenye mlango hodi hatapiga. Njiani kurudi Bwana Matano alimlaumu, akamwambia ubishi mwingine ni wa kuuacha nyumbani. Ndila akamwambia amshushe Gazi.

Alitaka kumwona yule mama wa kwenye kanda, aliyekuwa akiishi huko. Jina lake Bi Mejumaa, mjane wa miaka hamsini na kitu, naye Ndila alimkuta amechutama kwenye tope na wenziwe wa kikundi cha mikoko, wanapanga miche kwenye vifuko vya plastiki. Ndila akatoa shikamoo. Bi Mejumaa akaitikia marahaba, kisha akauona mkono uliofungwa kwa leso kifuani na vidole vinavyochezacheza vyenyewe, akaangusha mche aliokuwa nao.

Wakaenda kukaa kando ya nyumba, na Ndila akaeleza yote, televisheni, karatasi ya plastiki, vigingi. Bi Mejumaa alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mama yule akamweleza kwamba pepo alikuwa kichwani mwake kwa miaka kumi na tisa. Amemtoa kwenye ndoa ya kwanza, amemtoa jikoni mafuta yakiwa motoni, amemtoa kwenye maziko ya mamake mzazi. Mzee Chande alimtuliza tu, hakuwahi kumwondoa. Na Jumanne ile, saa saba ya mchana, akiwa papo hapo kwenye tope, pepo alimtoka mwenyewe, ghafla, na tangu siku hiyo analala usingizi wa mtoto.

"Mimi nilikuwa kiti chenye mtu," Bi Mejumaa akasema kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni. "Mtu huchoka, hukataa, huumwa. Wewe umemchongea kiti kisicho na mwenyewe. Umechukua miondoko yake, si yangu, ukakivika kitu kitupu. Vipi asije?"

"Sasa mkono wangu anautakia nini?"

"Kwa sababu kile kiti chako hakiwezi kutoka mezani. Pale amepata pa kuegemea. Kwako anataka pa kutembelea." Akaushusha mtandio wake. "Huanza na mkono. Halafu bega. Akifika shingoni, mtu atakuuliza jina lako, na atakayejibu si wewe. Mwezi wa Ramadhani ukiandama pepo hufungwa minyororo, ndivyo tulivyofundishwa na wazee. Ndiyo maana ana haraka."

Ndila aliogopa. Sitasema hakuogopa. Lakini kwake yeye hofu na hasira zililala kitanda kimoja, na ukiamsha hii na ile imeamka. Akamuuliza Bi Mejumaa pepo huyo anachukia nini.

Kutulia, akaambiwa. Ngoma ikisimama ghafla hupiga mayowe. Hakai kwenye mdundo; mdundo ni wa wapiga ngoma. Yeye hukaa kati ya mdundo na mdundo.

Ndila akaziwaza kamba zake. Miaka mitatu nzima alikuwa amepigilia vigingi na kuiacha katikati ijazwe na nani sijui, bila kujali. Akaona aibu ya fundi, ambayo ni mbaya kuliko aibu nyingine. Akaaga akaondoka.

Jumatatu bega halikuwa lake. Liliamka kabla yake, likipanda na kushuka chini ya shuka. Alipofika studio akazigeuza kamba zote kuwa ngazi, kwa mkono wa kushoto, na mwanasesere akasimama ghafla, akaruka, akasimama. Kasha la mashine likatoa mlio wa mbegu kumwagika. Ndila karibu acheke. Lakini alipogeuza uso kuchukua maji na kurudi, kamba zilikuwa zimekuwa laini tena, zote, zinapinda na kupita vigingi kwa kiburi. Akazigeuza. Akapepesa macho, zimerudi. Mahali pamoja tu palishika: alipokuwa ameweka kigingi kwenye picha ya arobaini na kingine kwenye arobaini na moja. Hapo hapakuwa na katikati, na pasipokuwa na katikati yule pepo hakuwa na pa kuweka mguu.

Basi dawa ni vigingi mia tatu, picha moja kigingi kimoja. Mashine inayo amri ya kuvipigilia vyote yenyewe kwa mpigo mmoja, lakini hiyo ingekuwa ni kumpa yeye achague. Kuinakili kanda tena pia ni kumfuata yeye. Alihitaji mtu hai, anayecheza kwa hiari yake, na anayeweza kutulia.

Bi Mejumaa alikuja Jumatano asubuhi, siku ya kungojea mwezi, amevaa leso mpya. Alipoambiwa anachotakiwa, akatazama sakafu.

"Mwanangu, mimi sijui kucheza. Watu wote wa Msambweni wameniona nikicheza. Mimi sijajiona."

"Basi leo utajiona," Ndila akasema. "Cheza unavyotaka wewe. Nikikwambia tulia, tulia."

Walianza saa moja na nusu. Bi Mejumaa alivua leso yake ya juu akaufunga mkono wa Ndila kwenye mguu wa kiti, mafundo matatu. Bwana Matano alikaa mlangoni na msahafu wake, akisoma Yasini kwa sauti ya ndani, akimaliza anaanza. Mama yule akaweka mguu wa kwanza, kwa haya, kama mtu anayeingia nyumba ya wageni. Tulia, Ndila akasema. Akatulia. Ndila akamgeuza mwanasesere kifupa kwa kifupa hadi akasimama kama yeye, akapigilia. Moja. Haya, mama, sogea. Tulia. Mbili.

Hadi saa tano walikuwa wamefika picha ya tisini na tisa, na Bi Mejumaa ameacha haya. Alikuwa amepata mchezo wake, wa polepole, wa nyonga kidogo na mikono ya chini, hauna hata chembe ya ule wa kwenye kanda, na akaanza kutabasamu peke yake. Kila kigingi kilipoingia, udi ulizidi kunuka, hadi macho yakawawasha, na mkono uliofungwa ukajipindapinda chini ya leso kwa nguvu zisizo za Ndila, kiti kikisogea sakafuni kwa mshindo.

Saa saba ikawa mbaya. Joto la mabati lilishuka juu yao, barabara ikanyamaza, na kayamba ikatoka ndani ya kasha ikawa ndani ya kuta, kisha chini ya sakafu, kisha ndani ya meno ya Ndila, akaihisi ikiteleza huku na huku kila alipofunga kinywa, na baridi ikapanda toka begani hadi chini ya sikio, ikatulia hapo ikingoja, na Bi Mejumaa akasimama mguu mmoja juu, anatetemeka, hathubutu kuuweka chini kabla hajaambiwa, na Bwana Matano akapoteza aya aliyokuwa anasoma akairudia, akaipoteza tena akairudia, na Ndila akaendelea kuhesabu kwa sauti, mia na hamsini na tatu, mia na hamsini na nne, kwa sababu aliona wazi kwamba siku atakayonyamaza ndiyo siku atakayojibiwa.

Saa kumi na moja na nusu jioni walifika picha ya mia tatu. Bi Mejumaa akakaa chini palepale. Ndila akazihesabu alama. Zilikuwa mia mbili tisini na tisa.

Picha ya mia mbili na kumi na mbili haikuwa na kigingi. Akakumbuka: pale kiti kilirushwa, na kidole chake kikabonyeza mbele mara mbili. Akarudi kwenye picha ile kuitazama.

Mwanasesere hakuwa akicheza humo. Alikuwa amesimama wima karibu kabisa na kioo, na alikuwa na uso. Ulikuwa uso wa Ndila, na nywele za Ndila, na hata kovu dogo la kidevuni alilolipata kwa jembe akiwa darasa la tatu. Pepo mzima alikuwa amejibana katika picha moja, hana pengine. Na baridi ile ya chini ya sikio ikafika shingoni, ikaingia, na kinywa cha Ndila kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, ila imetulia kuliko yake.

"Nipe hii moja."

Bi Mejumaa akaziba mdomo kwa mikono miwili. Matano akaacha kusoma.

"Mia tatu unazo," sauti ikasema kwa upole. "Nipe moja tu nikae. Hutanisikia. Hakuna jicho litakaloniona."

Na kilichomtisha Ndila, alisema baadaye, ni kwamba maneno yale yalimwingia akilini. Alikuwa amechoka hadi mifupa. Picha moja ni nini? Sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde. Mtu akipepesa jicho imepita. Nani angepungukiwa na nini? Akamtazama Bi Mejumaa pale sakafuni, na tope la Gazi bado liko kwenye kucha zake, akakumbuka kwamba hata kwa huyu kilianza kiganja kimoja tu, na kikachukua miaka kumi na tisa. Hasira ikamjia ya kweli, ile ya Kikoneni, ikaisukuma shingo yake ikarudi kuwa shingo yake.

"Hata moja," akasema, na sauti ilikuwa yake. "Hata moja sikupi. Hii pia ni yangu. Bi Mejumaa, simama. Ule mkao wa kushika nyonga."

Bi Mejumaa akasimama. Alilia huku amesimama, lakini hakutikisika. Ndila akamgeuza yule mwenye uso wake, mguu, nyonga, mkono, shingo, kwa mkono wa kushoto, na macho yale ya kwenye kioo yakimfuata kila alipokwenda, leso ikichanika uzi kwa uzi chini ya kiti, na alipoigusa shingo ya mwanasesere aliihisi yake ikigeuka. Akabonyeza.

Hapakuwa na kishindo. Mwanasesere alikuwa amesimama ameshika nyonga, hana uso. Mkono wa Ndila ukalegea ndani ya leso, ukawa mzito, ukaanza kuuma, na maumivu yale yalikuwa yake, akayafurahia. Harufu ilikuwa ya saruji. Punde nje watu wakapaza sauti barabarani kwamba mwezi umeonekana, na Bwana Matano akafunga msahafu akauliza kama kuna aliyebakisha maji ya kunywa.

Usiku wa mwaka mpya mwanamke wao alicheza kando ya bwawa. Elphas, mtu wa bara aliyesimamia burudani pale hotelini, hakuridhika. "Ndila, hiyo kitu inatetemeka. Si ungepunguza hizo alama ikuwe smooth?" Ndila akamwambia kazi ndiyo hiyo, na ikitetemeka itetemeke, na atakayegusa alama hata moja atafute wa kumtengenezea nyingine. Elphas akaona macho yake, akaacha. Upande wa wafanyakazi, Bi Mejumaa alikuwa amesimama na leso nyingine mpya, akijitazama akicheza. Alikaa hadi mara ya arobaini.

Mfungo ulikwisha. Siku ya Idi Bi Mejumaa alikuja Ukunda na sinia la pilau na birika la chai ya viungo, wakakaa wawili pale studio, kompyuta imezimwa, wanasengenya wanakikundi wa mikoko. Ilikuwa saa saba ya mchana. Ndila akanyoosha mkono wa kulia kuchukua kikombe.

Mkono ulipita. Upana wa kidole tu, halafu ukarudi mahali pake kwa adabu.

Bi Mejumaa aliuona. Akaweka kijiko chini. Ndila naye aliutazama mkono wake kwa muda, kama unavyomtazama mtu aliyekuja kwako bila kualikwa. Kisha akaurudisha mapajani, akaunyanyua upya, polepole, akiusimamisha kila inchi, hapa, na hapa, na hapa, hadi ukakifikia kikombe, ukakishika, ukaishia hapo.

"Hata moja," akauambia. Akanywa chai yake.